Kiapo na Vifaranga Chumbani

Mke wa fundi bomba alihama chumbani kwake kwa sababu ya vifaranga. Si kwa sababu ya mwanamke mwingine, wala ulevi, wala kipigo. Hayo angalau mtu angewasimulia majirani akaonewa huruma. Ukisema umefukuzwa kitandani na vifaranga, watu wanakuuliza ni wa mayai au wa nyama.

Mumewe aliwaleta kwenye maboksi yenye matundu, akasema ni kwa wiki moja tu, mpaka amalize banda. Sebuleni dirisha moja lilikuwa halina kioo, upepo unaingia unavyotaka, na vifaranga hawawezi baridi. Basi akasukuma kitanda ukutani, akamwaga maranda ya mbao sakafuni, akaning'iniza balbu kubwa isiyozimwa, na chumba cha mume na mke kikawa na joto la tanuri na kelele za soko. Banda lenyewe liliishia kwenye nguzo. Mbuzi wa jirani alikuwa akijikunia hapo.

Mkewe alikuwa dobi, na mtaani walimwita Mama Pasi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alivumilia harufu, akavumilia kelele. Siku mteja aliporudisha shati jeupe lililokutwa na manyoya mfukoni, alibeba godoro la wageni, akalitandika sebuleni chini ya lile dirisha, akalala huko.  Asubuhi mumewe alimwuliza tu kama alipotoka alifunga mlango vizuri, maana kuna kifaranga mmoja anapiga chafya.

Hayo yangebaki ya nyumbani kwao kama mchungaji asingetangaza ibada ya kurudia viapo. Wote waliofunga ndoa katika kanisa lile wangesimama tena mbele ya madhabahu Jumapili, waseme upya yale waliyosema siku ya harusi. Na kwa kuwa mwaka uliotangulia bwana mmoja alisimama pale akataja jina la marehemu mke wake wa kwanza, safari hii mchungaji aliamuru kuwe na mazoezi Jumamosi.

Mama Pasi alienda. Alikaa benchi la mbele na mumewe, wanakwaya wakiwa nyuma wanapanga viti. Zamu yao ilipofika, fundi bomba alisema viapo vyake haraka haraka, kama mtu anayesoma mita ya maji. Mchungaji akamgeukia mke.

"Haya mama, sema nami. Nakupokea wewe uwe mume wangu."

Mama Pasi akatazama madhabahu.

"Umesahau? Nikuanzie tena?"

"Sijasahau, Baba Mchungaji. Nashindwa kusema."

"Kwa nini?"

"Si kweli. Nitasemaje mbele ya Mungu kwamba nampokea, wakati sijalala naye chumba kimoja tangu vifaranga waingie?"

Nyuma kiti kilianguka. Kwaya nzima iliacha kupanga.

"Mama," mchungaji alisema kwa upole, "haya ni mazoezi tu."

"Basi niache nikatae kwa mazoezi."

Fundi bomba alitazama viatu vyake njia nzima ya kurudi nyumbani. Walipofika aliingia chumbani kuangalia kama maji ya vifaranga yamekwisha.

Jioni alikuja wifi yake, dada wa fundi bomba, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa mapambo kanisani. Alimkuta Mama Pasi anapiga pasi, akajitupa kwenye kiti.

"Wifi, umetuvua nguo! Kanisa zima linajua kaka yangu analala na kuku."

"Si uongo."

"Kila kweli ndiyo ya kusemwa? Wewe funga macho kesho, sema ndiyo, tule keki, turudi nyumbani. Unadhani mimi huyu mume wangu nampenda kila Jumapili?"

"Siku ya harusi ulisema utampenda."

"Nilikuwa nimebanwa na gauni! Ningesema chochote nitoke pale." Wifi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Ukikataa kesho, watu hawatasema ni vifaranga. Watasema ndoa imekufa. Na mkitoka pale bila kuapa, mtarudi humu ndani kama nani?"

Mama Pasi aligeuza shati upande wa pili. Swali lenyewe alikuwa amekwisha kujiuliza. Hakutaka kumwacha mumewe. Alikuwa anampenda, tena kwa namna ya kumkera mwenyewe. Hata mumewe alipokuwa anaongea na vifaranga kwa sauti ya chini, bado alikuwa anampenda. Ila kiapo hakikuwa keki. Cha kwanza alikisema akiwa msichana, hajui anachosema, na bado alikishika chote. Cha pili angekisema akiwa na akili zake timamu, na moyo haukuwa tayari kumdanganya Mungu nyumbani kwake mwenyewe.

Jumapili kanisa lilijaa hadi mlangoni. Waliokuja kwa ajili ya neno walikuwapo, lakini waliokuja kwa ajili ya Mama Pasi walikuwa wengi zaidi. Fundi bomba alivaa koti la harusi, ambalo sasa lilikuwa halifungi. Alisema viapo vyake kwa sauti kubwa, makusudi, watu waone kwamba yeye hana tatizo.

Mchungaji akamgeukia Mama Pasi. "Na wewe mama?"

"Nina swali kwanza."

"Si wakati wa maswali, mama."

"Ni la mume wangu." Aligeuka akamtazama. "Umesema utanitunza. Nikuombe leo vifaranga watoke chumbani. Unasemaje?"

"Mke wangu, si tutaongea nyumbani?"

"Nyumbani huwa unawahesabu."

Kicheko kilipita kanisani. Fundi bomba alifuta jasho. "Nikiwatoa kule watakufa kwa baridi," alisema.

"Na mimi?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyouliza kama chai ina sukari. Lakini fundi bomba aliacha kufuta jasho. Mkewe aliona jambo linaingia kichwani mwake polepole, kama maji yanavyopanda kwenye bomba lenye kutu: dirisha lisilo na kioo, na godoro lililo chini yake.

Fundi bomba akageuka, akatembea katikati ya mabenchi, akatoka nje.

 Mama Pasi akabaki peke yake mbele ya madhabahu, mikono haijui iende wapi. Alijua sasa kila mtu anasema moyoni kwamba ameachwa, tena hadharani, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika kwamba wanakosea. Alitamani sakafu ipasuke. Hata hivyo hakuondoka. Alikuwa ameuliza swali, na hakuwa amejibiwa.

"Tuendelee na wengine," mchungaji alisema kwa haraka.

"Na mimi nina swali," alisema bibi mmoja aliyekuwa wa pili kwenye mstari, akamgeukia mumewe. "Dada yako anaondoka lini?"

Baada ya hapo hapakuwa na ibada, palikuwa na baraza. Mke huyu aliuliza kuhusu mkoromo, mume yule akauliza kwa nini simu ya mkewe inalala chini ya mto. Mchungaji aligonga kipaza sauti, akaita utulivu, mpaka mama mchungaji mwenyewe aliponyoosha mkono kutoka benchi la pili, naye mumewe akajifanya hakumwona.

Ndipo fundi bomba aliporudi, anahema, maranda hadi kwenye nyusi.

"Nimewatoa," alisema.

"Umewapeleka wapi?" Mama Pasi aliuliza.

"Sebuleni. Dirisha nimeliziba kwa mlango wa kabati." Akashusha pumzi. "Lakini sasa wamejaa pale. Godoro lako halina nafasi. Itabidi urudi chumbani."

Watu walilipuka. Mama Pasi hakucheka, ingawa ilimgharimu. Alimgeukia mchungaji.

"Sasa nisomee. Polepole."

Alisema neno moja moja, kama mtu anayepima kitambaa kabla hajakikata. Alisema raha na shida, afya na ugonjwa. Alipofika kwenye kifo alimtazama mumewe, jasho linamtiririka, akaona kwamba na hilo pia analikubali. Fundi bomba alilia. Baadaye alisema ni vumbi la maranda.

Nyumbani, mlango wa sebule ulifunguka kidogo tu kwa wingi wa wapangaji wapya. Chumbani mumewe alikuwa amefagia vibaya, kama wanavyofagia wanaume wote. Mama Pasi alivuta shuka lisilonuka kitu kizuri, akainua mto, na chini yake kifaranga mmoja akamtazama na kulia.

"Huyo sikumwona, nakuapia!" alisema mumewe.

"Leo umeapa vya kutosha."

Alimchukua yule kifaranga kwa viganja viwili, akampeleka kwa wenzake sebuleni, akarudi chumbani, akafunga mlango kwa komeo.