Macho Yasiyo na Kisanduku

Kinyozi alikuwa amebakiza shavu la kushoto la mteja wake pale macho yake mwenyewe yalipoanza kuruka. Yaliruka kulia, juu, kushoto, bila mpango, na kila alichokitazama kiliruka nayo: kopo la sabuni, kiti, kisha mteja mwenyewe. Mkono wenye wembe ukashtuka. Mteja alipata mkato mdogo chini ya sikio. Akajipangusa kwa taulo, akasema, "Fundi, leo tuishie hapo," akaondoka na ndevu nusu.

Ilikuwa siku ya tisa tangu kinyozi achanjwe.

Nyumbani, mkewe alikuwa kwenye cherehani. Alimwona mumewe akiingia kwa kushika ukuta, miguu ikimkatalia. Alipotazamwa tu, naye akaanza kutikisika, pini zikimdondoka mdomoni.

"Hebu angalia pembeni kwanza, baba watoto."

Akaangalia pembeni, kabati la vyombo likaanza kugongagonga. Mke alimfunga kitambaa machoni, akamshika mkono, wakaenda hospitali.

Daktari alikifungua kitambaa, akaishika meza yake kwa mikono miwili isiondoke, akampima bila haraka. Alisema ugonjwa huo ni wa nadra mno. Kinga ya mwili huukosea ubongo, ikaudhania adui. Wengine huwapata baada ya mafua tu.

"Inawezekana ni chanjo, inawezekana siyo. Dawa ipo, ila itachukua miezi. Muhimu jambo hili liandikwe, lijulikane. Nendeni dirisha la nne, wanakoandika madhara ya chanjo."

Karani wa dirisha la nne alizikandamiza fomu zake kwa kiwiko.

"Homa?"

"Hapana," kinyozi alijibu.

"Mkono kuvimba?"

"Hapana. Macho yanaruka. Na mwili. Na vitu."

"Naona," karani alisema, kiti kikisogea naye. "Lakini macho kuruka hakuna kisanduku chake."

"Si uandike pembeni?" mke aliuliza.

"Ya pembeni hayaingii kwenye kompyuta, mama."

"Mimi sikuja kugombana na chanjo," kinyozi alisema. "Wanangu wamechanjwa, na yule mdogo atachanjwa. Nataka niandikwe tu."

Karani alimwonea huruma kwelikweli. Akampa pole, kisha akatia alama kwenye kisanduku cha mwisho: *Hakuna madhara*.

Mke aliusoma mstari ule mara tatu. Akakaa sakafuni palepale, mkoba mapajani. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na mumewe wala hakuwa akimtazama.

Dawa zikaanza. Majirani walizoea, akipita walishika vikombe vyao, wakamsalimu, wakaendelea na mazungumzo. Wateja wake walihamia kwa kinyozi mwingine, isipokuwa mmoja aliyekuja kila Ijumaa kukaa tu.

Mwezi wa tatu wa matibabu, walipofuata dawa, walikuta tangazo jipya ukumbini. Lilitaja idadi ya waliochanjwa mwaka ule, na chini yake: *Waliopata madhara makubwa: 0*.

Kinyozi alisimama mbele yake. Ukuta uliruka, karatasi ikaruka, herufi zikarukaruka na kugongana. Sifuri peke yake ilitulia. Ilikuwa miezi mitatu hajaona kitu kilichosimama. Akamwomba mkewe amshike bega, akasogea karibu, akaitazama vizuri.