Kidevu cha Shibe

Nchi ya kondoo ilikuwa bonde moja lenye uzio wa miiba, na juu yake, kwenye kilima cha mawe, palikuwa na zizi la Mfalme. Mfalme alikuwa dume mwenye pembe zilizojisokota mara mbili. Yeye hakuinama kula. Aliletewa nyasi kavu katika hori la mbao, akala amesimama, huku akiwatazama raia wake bondeni, wote vichwa chini.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani kondoo walihama. Wakishakula upande mmoja, waliuacha upumzike, wakapanda nyanda za juu mpaka jua liuchome vya kutosha. Hawakutoka kabla umande haujakauka, kwani wazee walijua minyoo hupanda majani yakiwa na umande. Na kila asubuhi palikuwa na desturi ya kufunuana macho: kondoo alimsogelea jirani yake, akamshusha ukope wa chini kwa pua, akatazama ndani. Pakiwa pekundu kama nyanya, walisalimiana wakatoka. Pakiwa peupe, mgonjwa alipelekwa juu siku hiyo hiyo, wala hakuna aliyemcheka.

Mfalme alipotawazwa aliyafuta yote. Kuhama, alisema, ni ushamba. Yeye alitaka kuwaona raia wake kwa mtazamo mmoja. Lango la juu likafungwa. Kufunuana macho kukaitwa uchochezi. "Raia mwema," alitangaza Waziri Mkuu, "hamchungulii mwenzake." Waziri huyo alikuwa Mbuzi. Alikula majani ya vichaka, huko juu karibu na kilima, na midomo yake haikuwahi kugusa nyasi za bondeni.

Mwaka wa tatu, kondoo wengine walianza kuota uvimbe chini ya taya, laini, wenye maji, ukining'inia kama kifuko. Walikuwa pia wamekonda mbavu, ila sufu iliwafichia. Mbuzi aliuona uvimbe ule akaruka kwa furaha. "Tazameni! Nchi imeshiba hata chakula kimekosa pa kukaa!" Tangu siku hiyo ukaitwa kidevu cha shibe, na waliokuwa nacho walipangwa mstari wa mbele katika gwaride la Mfalme.

Bi Kijivu alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti aliyeitwa Kinyasi. Asubuhi moja jirani yao, Bi Doa, alikuja mbio hata kabla ya salamu.

"Hongera, mama Kinyasi! Mwanao kaota kidevu! Na wewe umenuna kama uliyetabiriwa ukame!"

Kinyasi alikuwa amesimama kando, kidevu kimening'inia, amejiinua kwa fahari. "Mama, keshokutwa nitakuwa mstari wa mbele."

"Njoo hapa kidogo."

"Mama, usinifunue. Watu wanaona."

"Waone."

Akamshusha ukope kwa pua, kama mama yake alivyokuwa akimfanyia yeye. Ndani palikuwa peupe kama chumvi. Bi Doa aliona pia. Aligeuza uso akaanza kula nyasi kwa haraka, kama mtu aliyesahau kazi yake.

Bi Kijivu hakungoja. Alipanda kilimani siku ile ile kuomba lango la juu lifunguliwe, kwa siku chache tu, ampitishe mtoto mmoja. Alikuta baraza limekaa. Mbuzi alikuwa akisoma ripoti.

"Mtukufu Mfalme, kumekuwa na maneno ya mitaani kuhusu minyoo. Tumefanya uchunguzi. Tumepima raia kumi. Tisa wana minyoo."

Mfalme aliacha kutafuna. "Na wa kumi?"

"Wa kumi, Mtukufu, nilikuwa mimi."

Mbuzi akakohoa, akaendelea kwa sauti ya utulivu. "Kwa hiyo imethibitika kwamba minyoo ni jambo la kawaida. Akiumwa mmoja, huo ni ugonjwa. Wakiumwa wote, hiyo ni hali ya nchi. Na hali ya nchi haitibiwi, Mtukufu. Hutawaliwa. Wahenga walisema, kifo cha wengi arusi."

Madume ya baraza yakagonga kwato kwa kukubali.

"Mtukufu," alisema Bi Kijivu kutoka mlangoni, "mimi sina wengi. Ninaye mmoja. Jicho lake ni jeupe. Naomba nimpandishe juu."

"Umelijuaje jicho lake?" Mbuzi aliuliza taratibu.

Bi Kijivu akajua amenaswa. "Nimemfunua. Ni mwanangu."

"Basi umevunja sheria, na bado unaomba upendeleo." Mbuzi alitabasamu. "Rudi nyumbani, mama. Binti yako ana kidevu. Kuna wazazi wanaoomba usiku na mchana wapate mtoto kama huyo."

Mfalme alirudi kwenye hori lake.

Siku ya gwaride Kinyasi alisimama mstari wa mbele, amechanwa sufu vizuri. Ngoma ilipolia alipiga hatua nne. Ya tano magoti yalikunjika, akalala ubavu, na kidevu kikalala kando yake kwenye vumbi. Mpiga mbiu akatangaza kwamba raia mwema amelemewa na shibe. Watazamaji wakagonga kwato. Bi Kijivu alipomfikia, pumzi ilikuwa imekwisha.

Waliokuja msibani hawakuja na pole. Walikuja na hongera. Walimwambia ana bahati, amezaa mtoto aliyekufa ameshiba mbele ya Mfalme. Aliziitikia hongera zote, moja moja, kwa sababu alilelewa kujibu salamu. Walipoondoka alibaki amesimama pale mtoto wake alipozoea kulala. Majani ya hapo yalikuwa bado yamelala kwa umbo lake. Hakuyala, wala hakumruhusu mtu ayale.

Masika yakaja, nyasi kavu za hori zikaisha. Watumishi wakawa wanamkatia Mfalme nyasi mbichi za bondeni, alfajiri, zikidondoka umande. Haukupita muda mrefu Bi Kijivu akaitwa kilimani.

Alimkuta Mfalme peke yake. Pembe zake zilikuwa zile zile, lakini shingo ilikuwa imeshindwa kuzibeba. Chini ya taya palining'inia kidevu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuona.

"Wananisifu," Mfalme alisema. "Kila anayeingia ananisifu. Nimechoka kusimama. Wewe ulikuwa unafunua macho. Nifunue."

Bi Kijivu alimsogelea, akashusha ukope wa Mfalme kwa pua. Alitazama kwa muda mrefu.

"Unaona nini?"

"Hali ya nchi, Mtukufu."

Mfalme alifumba jicho. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Mwiteni Mbuzi." Watumishi wakamtafuta. Alikuwa ameruka uzio siku mbili kabla. Nchi ya jirani ina vichaka vizuri.

"Basi fungueni lango," alisema Mfalme. Amri hiyo ilitiiwa, ila yeye mwenyewe hakuweza kupita.

Walioweza kutembea walipanda nyanda za juu. Hawakuwa wengi. Asubuhi ya kwanza walingoja umande ukauke, na bila kuamriwa na mtu wakaanza kugeukiana, jirani kwa jirani, ukope kwa ukope. Bi Kijivu alisimama pembeni. Kulia kwake aliacha nafasi ya mwanakondoo mmoja, na hakuna aliyeisogelea.

Bi Doa alimjia kwa upande wa kushoto. Macho alikuwa ameyainamisha.

"Lete jicho, mama Kinyasi."

Akamfunua, akatazama, akashusha pumzi. "Jekundu. Jekundu kama nyanya. Wewe utaishi miaka mingi."

Bi Kijivu alitazama bondeni, ambako kipande kimoja cha majani kilikuwa kimebaki bila kuliwa.