Ndafu wa Komunyo ya Doris

Jumapili hiyo ya Agosti 1994, baada ya misa, walioketi sebuleni kwa Bibi Margareta, Kilema, walikuwa hawa: Bibi mwenyewe; mwanawe Primus; Flavia, mke wa Primus; Gladys, dada yake Primus, muuguzi aliyepanda kutoka Rau, chini ya mlima; na Doris, binti wa Primus na Flavia, mwenye miaka tisa, ambaye afya yake ndiyo iliyowakutanisha.

Flavia hakuwa akisikiliza mazungumzo. Alisikiliza kifua cha Doris. Tangu Juni kilikuwa kikilia kama filimbi kila alfajiri, na wote walisema ni baridi ya mlima. Ndiyo maana Doris alihamishiwa chumbani kwa Bibi, chumba chenye joto kuliko vyote, kwa kuwa humo ndimo alimofungwa tangu Mei ndafu, mbuzi aliyehasiwa na kunenepeshwa kwa karamu ya komunyo ya kwanza ya Doris. Mbuzi alinona, mtoto alizidi kuhema.

"Baridi si chanzo," alisema Gladys. "Ni manyoya na vumbi la mbuzi. Mwili wa Doris unavikataa, ndiyo maana anapiga chafya na kufikicha macho. Njia za hewa zikichokozwa kila siku huvimba. Zikishafika hapo, baridi kidogo, moshi, hata kicheko, huzifanya zijikaze."

"Mimi nimelala na mbuzi miaka sabini. Au nikohoe kidogo ufurahi?" Bibi alimuuliza.

"Wewe, Mama, mbuzi wenyewe wanakuogopa," Primus alidakia.

Doris akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, mabega yakapanda, ngozi ya shingo ikabonyea kwa kila pumzi. Flavia alimkalisha wima. Gladys akatoa mkobani kikopo cha dawa ya kuvuta.

"Vuta. Shikilia. Toa taratibu."

Flavia naye alijikuta ameshikilia pumzi. Dakika zilipita ndipo mabega ya mtoto yalipoanza kushuka.

"Basi mbuzi atoke leo," Bibi alisema kwa sauti ndogo. "Alale bandani."

"Atoke, Mama," alijibu Gladys. "Lakini manyoya yake yatabaki kwenye godoro na kuta kwa miezi."

"Miezi! Komunyo ni wiki mbili zijazo, na ukoo mzima nimeualika. Tutafagia, tutapiga deki. Mtoto abaki amalize mafundisho ya komunyo."

Primus aliinamia viatu vyake. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, Flavia hakuwahi kumpinga mama mkwe wake.

"Nitabaki," Doris alinong'ona, akavuta pumzi katikati, "nimepona."

Flavia akasimama.

"Mama, nisamehe. Doris anashuka Rau na shangazi yake leo hii. Komunyo ataipokea mwakani, akiwa anapumua. Wageni nitawaambia mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba."