Mkono Uliobaki Mbamba Bay

Kila wageni walipofika, Ladislaus aliwapa kwanza juisi ya maembe, kisha maonyo. Alisimama kwenye baraza la nyumba ya wageni, shati limenyooka, mgongo kaupa Ziwa Nyasa, akasema kwa upole: simu msitembee nazo mkononi, mtumbwi msipande bila jaketi la kuokolea, jua likizama muwe ndani ya uzio. Maonyo mema hayo, nani wa kuyabeza? Kisha akaongeza la mwisho.

"Na wale wa ufukweni wakiwanyooshea mkono, msiupokee. Ukishaupokea tu, watakuganda na dagaa zao mpaka uondoke."

Hilo la mwisho aliliagiza tajiri wake, Mzee Placidi, mkulima wa kahawa wa Matiri aliyeijenga nyumba ile. Mgeni mmoja alipotelewa na simu, wakashukiwa kina mama wanaoanika dagaa mchangani. Kesho yake simu ikaonekana chini ya godoro la mgeni mwenyewe. Kina mama hawakuombwa radhi, na onyo likabaki.

Sasa, watu wa mwambao ule wana mwiko wao: mkono ukishanyooshwa kwa salamu haurudishwi mtupu. Wa kwanza kupatwa alikuwa Serafina, mmoja wa wale kina mama wa dagaa. Alimnyooshea mkono bwana mmoja wa Dar es Salaam, "Karibu kwetu, baba," na bwana akatia mikono mfukoni akapita. Serafina akangoja. Jua likapanda, dagaa wakataka kugeuzwa, naye akaenda kuwageuza, mkono wa kulia akauacha palepale hewani, usawa wa kifua, vidole vimekunjuka. Damu haikutoka. Pale mkono ulipoachia mwilini palikuwa laini kama kisigino cha mtoto mchanga.

Kufika Juni, njia ya ufukweni ilikuwa na mikono huku na huku, ya kina mama, ya wavuvi, na mmoja wa katekista. Mwanzoni wageni waliizunguka. Baadaye wakaona inafaa kuanikia taulo. Mzee Placidi alipokuja kukagua alicheka kwa furaha, akasema, "Unaona, Ladi? Kamba za kuanikia tena za nini?"

Dawa yake ilijulikana, tena haikuwa ngumu. Mwalimu mmoja wa Songea, siku ya kuondoka, roho ilimsuta. Akaurudia mkono alioupita, akaushika mchana kweupe, watu wakiona, akasema, "Shikamoo mama, unisamehe." Mkono ukamtikisa, ukaondoka hewani, na jioni ile mama mwenye mkono alionekana akisonga ugali kama zamani. Basi ikawa wazi kwa wote: aliyeupita ndiye aupokee, na mbele za watu.

Julai akaja Edina, mama yake Ladislaus, kutoka Lituhi. Alikuja na samaki wakavu, mbasa, ndani ya kanga, na kwa kuwa getini mlinzi alimwambia azunguke, alizungukia ufukweni. Ladislaus alikuwa akiwateremsha wageni kwenda kuogelea, maonyo hata hayajapoa mdomoni. Edina akamjia mbio mbio, anacheka, ananuka samaki, mkono mbele.

"Ladi wangu! Hujambo, mwanangu?"

Mgeni mmoja, dada mwenye miwani ya jua, akarudi nyuma hatua moja. "Kaka, huyu ndio wale uliotuambia?"

Ladislaus alimtazama yule dada, akautazama mkono. "Ndio haohao," akasema. Kisha akamwambia mama yake, "Asante mama, leo hatununui."

Edina hakupiga kelele. Alisema, "Haya, baba," akawatua mbasa mchangani, akaenda kutafuta gari la kurudi Lituhi. Mkono ukabaki.

"Loo!" Serafina alisema akiwa kwenye chanja lake. "Mkono uliokufuta kamasi huo, Ladislaus!" Akaendelea kugeuza dagaa kwa mkono wa kushoto.

Alfajiri, wageni wangali wamelala, Ladislaus alishuka peke yake akaushika. Ulikuwa na sugu zilezile na lile kovu la kisu cha kupasulia samaki. "Shikamoo, mama," akasema. Mkono haukushika. Ulilala tu kiganjani mwake mpaka akauachia, naye akapanda kwenda kupika chai, uso unawaka kwa aibu.

Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia simu. Mama hakumlaumu hata siku moja. Alimweleza kwamba jirani zake wanampasulia samaki, kwamba ugali sasa anaomba asongewe, kwamba jioni anasikia baridi ya huko Mbamba Bay kwenye vidole.

"Nitakuja kukusalimia, mama. Wageni wakipungua."

"Si lazima uje Lituhi, baba. Toka tu hapo barazani, ushuke."

Maneno hayo yalimkaa kifuani wiki nzima. Alijipangia: Jumamosi wageni wakifika, lile onyo la mwisho ataliruka, aseme, "Mkono ule pale ni wa mama yangu," ateremke aupokee. Jumamosi ikafika. Wageni wakanywa juisi. Mzee Placidi alikuwa amekaa pembeni, mguu juu ya mguu. Ladislaus akasema ya simu, ya mtumbwi, ya jua kuzama. Akatupa jicho ufukweni. Akasikia sauti yake mwenyewe, ya upole kama siku zote, ikisema, "Na wale wa ufukweni wakiwanyooshea mkono, msiupokee." Mzee Placidi akatikisa kichwa kukubali.

Mchana ule binti mmoja alitoka majini akitiririka maji. "Kaka, taulo naanika wapi?"

Mikono yote ilikuwa imeshaanikiwa. Mtupu ulikuwa mmoja tu, ule ambao Ladislaus alikuwa akiulinda, kila siku akipata sababu ya kuzuia usianikiwe. Wageni wote walikuwa wakimtazama.

"Nipe," akasema, kama inavyompasa mwenyeji mwema, akaenda kuianika mwenyewe. Upepo wa ziwani ulipovuma, taulo nyingine zikaanguka mchangani. Ile haikuanguka. Vidole vilikuwa vimejikunja vikaikamata.

Jioni simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ladi, mkono wangu umelowa. Huko kumenyesha?"

Ilikuwa kiangazi, na juu hakukuwa na wingu hata la kuombea.

"Kumenyesha, mama."

"Nikasema mimi. Tena kuna kitu cha mtu nimekishika, naona upepo unataka kukichukua. Mwambie mwenyewe asiwe na wasiwasi. Hakitapotea."

"Nitamwambia, mama," akasema Ladislaus, akaenda kuosha glasi za wageni wa kesho.