Nyuzi Kwenye Unga wa Chesang

Chesang hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, au ndivyo alivyopenda kujiambia. Unga aliomtumia bintiye Chepchumba, aliyeolewa Bumula, uliporudishwa kwake Saboti kwa kuwa mama mkwe wake ameona vitu vinavyometameta ndani yake, alijua papo hapo wa kulaumiwa: Gachanja, mwenye kisiagi, ile mashine ya kusaga mahindi alikousagia.

Akatandaza unga kidogo kwenye sinia jeusi, akaupeleka juani. Kweli bwana! Vijiuzi vyeupe, vyembamba kuliko kope. Akakidonoa kimoja kwa sindano, akakitia moto wa kiberiti. Kikajikunja na kunuka mfuko wa nailoni unaoungua.

"Ati anatuongezea uzito na plastiki!" aliwaambia akina mama wenzake baada ya ibada. "Na si ni sisi tulimkaribisha hapa?"

Mwaka huo wa 1991, watu waliohamia kutoka makabila mengine walipokuwa wameanza kufukuzwa, maneno kama hayo hayakuhitaji kusukumwa. Kufikia Jumatano hakuna aliyepeleka mahindi kwa Gachanja. Alhamisi mlango wa kisiagi ulikuwa umeandikwa kwa makaa: RUDI KWENU. Chesang aliusoma, akapita zake.

Jioni akasaga mahindi yake mwenyewe kwa jiwe la marehemu mamake, amtumie Chepchumba unga safi. Kesho yake, kwa kujigamba tu, akautandaza kwenye sinia. Vijiuzi vilikuwepo.

Alikwenda ghalani moja kwa moja. Msimu huo magunia ya katani yaliadimika, kwa hiyo walikuwa wametia mahindi na magunzi yake katika magunia ya nailoni, wakayapiga fimbo juani siku tatu ili punje zitoke, kama walivyozoea miaka yote. Alipolipangusa gunia moja, kiganja kilijaa vijiuzi.

Alimkuta Gachanja ameketi mlangoni pake, hana mteja.

"Baba Mwihaki, shida ni gunia zangu," alisema. "Si wewe."

Gachanja aliingia ndani, akarudi na kopo. Ndani mlikuwa na vijiuzi vyeupe.

"Kila ukileta mahindi, mimi na mama Mwihaki tunachuja unga wako na kitambaa. Zile ndogo sana zinapita tu. Nilifikiri unaweka makusudi, ndio watu wanifukuze. Nikaweka hizi ziwe ushahidi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe, uliniuliza?"

Chesang alitamani ardhi ipasuke immeze. Jumapili alibeba gunia hadi kanisani, akasimama mbele ya akina mama walewale, akalikung'uta mpaka vijiuzi vikapeperuka kwenye mwanga wa dirisha. Akakiri kila kitu. Akawasihi warudi kwa Gachanja, na kabla ya kusaga waoshe mahindi yao, nyuzi zielee zimwagwe.

Walimsikiliza hadi mwisho. Kisha Dinah, rafiki yake wa miaka mingi, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mama Chepchumba," akasema, "huyo Gachanja amekupatia nini?"