Mfuko Ulioandikwa Mama

Miaka minane Huguette Nkongolo alikuwa akizalisha mbegu mpya ya ngano kwenye shamba la majaribio nje ya Kolwezi, na mwaka wa nane mkurugenzi wake, Kalombo, akatuma Kinshasa ripoti ya mbegu hiyo yenye jina moja tu: lake mwenyewe. Huguette aliisoma akiwa amesimama. Akaapa kimoyomoyo kwamba jina lile atalifuta, tena mbele ya watu.

Nafasi ikajileta yenyewe mwanzoni mwa mwezi wa tano, kabla ya kupanda. Ghalani palikuwa na mifuko miwili ya mbegu. Mmoja aliuandika "Mama" na mwingine "Mutoto", kama wazalishaji wanavyoita mmea mzazi na uzao wake. Mama ilitoka nchi za theluji: punje nene, za kupendeza, lakini ndani yake mna jeni inayofunga maua mpaka mmea upigwe na baridi kali wiki nyingi mfululizo. Baridi ya Kolwezi ya mwezi wa sita huwavalisha watu sweta. Mama haiitambui kabisa. Mutoto ana punje nyembamba, ila ndiye Huguette aliyemtafuta miaka yote hiyo mpaka akampata asiye na kufuli lile. Hutoa masuke kwa siku hamsini na tano.

Kalombo hakuwahi kuuliza. Aliingia, akasoma mifuko, akacheka.

"Bakubwa banakuya mwezi wa saba. Mi nibaonyeshe mutoto? Mupande Mama, shamba yote ya mbele."

"Ndiyo, tata directeur," Huguette akasema. Alimwita baba kwa adabu, na siri ya kufuli hakumpa.

Wala hakuishia kunyamaza. Aliipa Mama mbolea, akaimwagilia, akaipalilia kwa mikono yake mwenyewe, ikastawi kijani cha kuumiza macho. Kila asubuhi aliitazama kwa raha ambayo hakuionea haya. Mutoto alimpanda nyuma ya ghala, matuta matatu.

Wageni walifika mwisho wa mwezi wa saba, Madame Charlotte wa wizara akitangulia na daftari. Kalombo alihutubia sana juu ya ngano "yangu". Charlotte akainama, akapekua majani, akainuka.

"Masuke iko wapi, directeur?"

"Inakuya. Wiki moja tu."

"Haitakuya," Huguette akasema. "Hii inangojea baridi ya theluji. Tata ataenda pension, nayo itakuwa majani tu."

Wageni waliangua kicheko. Kalombo akamnyooshea Huguette kidole.

"Ile mbegu iko ya Huguette! Ni yeye alipanda!"

"Ripoti inasema iko yako, tata. Yangu iko kule nyuma."

Akawaongoza nyuma ya ghala. Mutoto alikuwa amesimama na masuke yake yote, yameanza kugeuka manjano. Charlotte alivunja suke moja, akatafuna punje, akafungua ukurasa mpya.

"Jina ya muzalishaji?"

Huguette akalitaja lote. Kisha akalitaja tena herufi kwa herufi, polepole, kwa sauti kubwa, maana Kalombo alikuwa amebaki mbali, naye alitaka mwanamume yule alisikie.