Kifua cha Shangazi

Mapacha walizaliwa kabla ya wakati, wadogo hata kofia za sufu ziliwashukia puani. Nesi alimfunga wa kike kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Wa kiume naye alihitaji kifua, lakini mama alikuwa ametoka kupasuliwa, hana nguvu za kubeba wawili, na mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini mbali.

"Nani atakusaidia?" nesi akauliza.

"Labda wifi yangu," mama akajibu kwa kusita.

Wifi huyo, dada wa mumewe, aliuza viatu vya mitumba. Mtaani walimwita Redio kwa kupenda kuongea, na tangu harusi ya kaka yake wawili hao walikuwa hawaivi chungu kimoja. Hata hivyo alifika mbio, akaoga, akavua blauzi, nesi akamfunga yule wa kiume kifuani.

"Sasa nikae tu?"

"Ukae tu. Joto lako ndilo blanketi lake. Maziwa ya mama yake tutampa kwa kikombe."

Mwanzoni shangazi aliogopa hata kukohoa. Kisha mdomo ukamwasha, akaanza kumnong'oneza mtoto: "Mteja wangu, namba yako ya kiatu bado haijatengenezwa. Lakini nitakupunguzia bei."

"Wifi, nyamaza, utanifumua mshono," mama akasema, akijishika tumbo kwa kicheko.

Alasiri moja shangazi akahisi kile kifua kidogo kimetulia mno.

"Nesi, hapumui!"

Huku anaita, alikuwa akimsugua mgongo kama alivyofundishwa. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi, akalia kilio chembamba. Nesi alifika, akampima, akasema, "Umefanya vizuri. Hawa wadogo wakati mwingine husahau kupumua. Tutamwangalia kwa karibu."

Mama alinyoosha mkono kutoka kitanda cha pili, akamshika wifi yake, wakakaa hivyo hadi chai ilipoletwa.

Wiki zilizofuata mashavu yalianza kujaa. Asubuhi moja yule wa kiume, aliyezoea kulamba titi tu, akalikamata barabara.

"Anameza," mama akanong'ona. "Sikia."

Wote wawili wakainamisha vichwa kusikiliza.

Siku ya kuruhusiwa, nesi aliwakumbusha waendelee kuwabeba kifuani nyumbani na wasikose kliniki. Shangazi alikuwa ameshajifunga mtoto, yuko mlangoni.

"Nipe mwanangu," mama akasema.

"Wako peke yako? Wewe umemwanza, mimi nimemmalizia."

"Basi tangulia, mama mwenzangu," mama akasema, wakatoka wakicheka.